Jina ambalo halipo kwenye kadi yangu

Najua zamu yangu ya kuandika ilipita wiki mbili zilizopita, mnisamehe. Haya maneno nimeyaandika mara tatu na kuyafuta mara tatu, kwa sababu yanamgusa baba yangu, na baba yangu yuko hai, na ninampenda. Mwisho nikaenda kumuomba ruhusa. Akakaa kimya kidogo, akasema: "Andika. Lakini usidanganye." Basi nitajaribu.

Nilipotimiza miaka 18 tuliitwa familia nzima kuhakiki taarifa zetu. Mnaijua ile foleni. Unafika saa kumi na moja alfajiri, jua linachomoza likukute palepale, watoto wanalia, wazee wanasinzia kwenye benchi. Karani alikuwa dada mmoja Mtanzania, mpole. Akaniuliza jina, nikajibu. Tarehe ya kuzaliwa, nikajibu. Mahali pa asili, Papa akanisaidia, kwa sababu mimi Fizi sijawahi kuiona hata siku moja. Nilizaliwa hapahapa Nyarugusu mwaka 2001. Halafu akauliza, "Dini?"

Kabla sijafungua mdomo, Papa akasema, "Siye wote ni Waprotestanti."

Karani akaandika. Ilichukua kama sekunde mbili, tukaendelea na swali lingine.

Papa hakudanganya. Nilikuwa nimebatizwa, nilikuwa naimba kwaya, Jumapili sikuwahi kukosa. Lakini tukiwa njiani kurudi nilijiuliza: jina langu waliniachia nijibu mwenyewe. Umri wangu pia. Mbona dini, ambayo ndiyo iko ndani kabisa, nimejibiwa na mtu mwingine?

Nieleze kwanza tulivyoishi nyumbani.

Papa ni mzee wa kanisa. Kanisa letu ni la Kipentekoste, la asili ya wale wamisionari wa Sweden na Norway waliofika Kivu ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo kabla ya vita lilikuwa limeshakaa kwetu zaidi ya miaka 70. Vita vya 1996 vilipofika, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi wakafika Kigoma bila chochote. Kambi hii ilifunguliwa mwaka huohuo. Papa anasema Jumapili ya kwanza walisali chini ya mti, na sufuria waliipata baadaye. Ndiyo kusema walikuwa na kanisa kabla ya kuwa na sufuria.

Hilo sisi tuliozaliwa hapa tunapenda kulisahau. Tunaona masharti tu. Lakini ni kanisa lililomfundisha mama yangu kusoma. Ni kanisa lililotuchangia unga mgao ulipopungua. Mtu akifa, kanisa ndilo linakuja na nyimbo, na maji, na vijana wa kuchimba. Mkimbizi hana ukoo mzima karibu yake, ukoo wake umetawanyika. Kanisa likawa ukoo.

Lakini ukoo una sheria. Wasichana hatukuruhusiwa kuvaa suruali, hatukuruhusiwa hereni, na nywele zilikuwa za kukatwa au kufungwa kitambaa. Kusuka hapana. Nikiwa na miaka 16 rafiki yangu mmoja alinisuka mistari sita tu, siku ya Ijumaa. Jumapili nikavaa kitambaa juu yake nikadhani hakuna atakayeona. Waliona. Nilitengwa miezi mitatu. Kwa wasiojua: kutengwa ni kuwekwa benchi la nyuma, huimbi, husomi Neno, Meza ya Bwana inakupita. Watu wanakusalimia lakini kama unaumwa ugonjwa wa kuambukiza. Papa ndiye aliyesoma jina langu mbele ya watu. Usiku huo hakula.

Sasa nimlete Koko.

Hapa Tanzania bibi ni mama ya baba au ya mama yako. Kwetu ukisema "bibi" watu wanafikiri ni mke. Kwa hiyo mama ya Papa tulimwita Koko. Alikuwa Mrega wa Mwenga, akaolewa na Mbembe akashuka Fizi kando ya ziwa. Alibatizwa akiwa msichana na hakuacha kusali mpaka mwisho. Lakini asubuhi, kabla hajanywa chai, alikuwa anamwaga maji kidogo chini, mlangoni, anataja majina. Saba. Baba yake, mama yake, kaka zake wawili, mtoto wake aliyefia porini wakati wa kukimbia, na wengine wawili ambao sikuwahi kujua ni nani kwake. Akimaliza anasema Amina, anaingia ndani.

Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni sehemu ya sala ya Kikristo. Nilikuja kujua kwamba sivyo siku Papa alipomkuta akaudhika. "Mama, tumetoka mbali na mambo hayo." Koko akamjibu kwa sauti ndogo: "Jina haiko zambi, mutoto wangu. Nani atabaita siku mi nitakufa?"

Na mimi alikuwa na jina alilonipa siku niliyozaliwa, la mama yake mzazi. Kwenye kadi halipo. Kwenye kadi kuna jina la Biblia alilonichagulia Papa, na jina la ukoo. Lile lingine Koko aliniita tukiwa wawili tu, tukichambua maharage au tukienda bombani. Sitaliandika hapa. Mtanisamehe, ni langu.

Nikiwa mkubwa kidogo nilimuuliza kuhusu baba yake. Akanisimulia kidogokidogo, kwa miaka. Kumbe baba yake alikuwa mtu wa Bwami. Wengi wenu mmesikia neno hilo likitukanwa mahubirini. Bwami ni chama cha Warega, kipo na kwa ndugu zetu Wabembe, chenye ngazi za kupanda moja baada ya nyingine, wanaume na wake zao. Katika kila ngazi unafundishwa kwa methali, ngoma na vitu vidogo: sanamu za mti, za mfupa, na kwa ngazi ya juu kabisa, kindi, za meno ya tembo. Kila sanamu ina fundisho lake. Mlafi anafananishwa hivi, mgomvi hivi, mtu asiyesikia hivi. Wanachotafuta kinaitwa busoga, yaani wema na uzuri kwa pamoja. Kwa Kirega hutenganishi mtu mwema na kitu kizuri.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga Bwami marufuku kwa Warega. Koko alikuwa mtoto wa miaka kama minane hivi. Alikumbuka baba yake anatoka usiku na kikapu na kurudi mikono mitupu, na kwamba baada ya hapo alizeeka haraka.

Mwaka huohuo wa 1948, tarehe 10 Desemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu. Kifungu cha 18 kinasema kila mtu ana uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na uhuru wa kubadili dini yake. Ubelgiji ilipiga kura ya ndiyo. Nilifundishwa kifungu hicho kwenye semina ya vijana hapa kambini, tukapewa soda na cheti. Nilikaa nacho kile cheti mkononi nikawa namfikiria baba ya Koko na kikapu chake.

Siku moja kijana mmoja alinionyesha kwenye simu picha za jumba la makumbusho la Tervuren, kule Ubelgiji. Sanamu za Warega, zimewekwa ndani ya kioo, taa nzuri. Nikampelekea Koko simu. Aliitazama muda mrefu. Halafu akauliza: "Banaipakaa mafuta?" Kwa sababu zilikuwa zinapakwa mafuta, zing'ae, ziwe na busoga. Nikamwambia sijui. Akanirudishia simu.

Nisije nikawaambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Koko mwenyewe hakusema hivyo. Kupanda ngazi kulitaka mali nyingi, kuku, mbuzi, chumvi, pesa za makombe. Maskini asiye na ndugu wa kumsaidia alibaki chini. Hata huko kulikuwa na benchi la nyuma.

Mwaka 2021 Koko aliugua. Nililala naye wodini kwa zamu, mimi usiku, mama mchana. Usiku wa nne hakuweza tena kunyanyua kikombe. Akanishika mkono, akaniita kwa lile jina, akasema: "Bataje."

Nilielewa. Nikaogopa sana. Msifikiri niliwaogopa wazee wa kanisa, niliogopa Mungu. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba kuwataja wafu ni kufungua mlango. Nilimwambia, "Koko, tusali tu." Akasema: "Tutasali. Anza kubataja."

Nikachukua kikombe, nikadondosha maji kidogo kwenye sakafu ya saruji, nikayataja. Yote saba, kwa vidole, sikukosea hata moja. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyahifadhi. Kisha nikasali Baba Yetu. Koko aliitikia Amina mwisho wa majina, na Amina mwisho wa sala, kwa sauti ileile. Alifariki siku mbili baadaye.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa amelazwa kitanda cha pili. Wiki tatu baada ya mazishi niliitwa kwenye baraza.

Wazee walikuwa watano, Papa mmoja wao. Wakaniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli. Wakaniuliza kama najua kwamba ni kosa.

Hapa ndipo nilipofuta mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba nilisimama nikajibu vizuri. Kwamba niliwafungulia Mathayo sura ya 1, ukoo wa Bwana Yesu, vizazi 42, majina ya wafu yanasomwa kanisani kila Desemba na hakuna anayetengwa. Ni jibu zuri. Nililipata miezi sita baadaye nikiwa nafua nguo.

Siku ile sikusema hivyo. Nilisema, "Nisameheni." Nililia, nikasimama mbele ya kanisa Jumapili, nikasema nimetubu. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka kuimba. Kwaya ndiyo ilikuwa maisha yangu, rafiki zangu wote walikuwa humo, na nilikuwa nimempoteza Koko, sikuweza kupoteza na hao. Nilikaa benchi la nyuma miezi miwili kisha nikarudi. Kila niliposimama kuimba nilihisi nimeyauza yale majina saba.

Watu wanaozungumzia uhuru wa dini huzungumza kama vile ni mlango, uko wazi au umefungwa. Kwangu haikuwa hivyo. Hakuna aliyenifungia. Ningeweza kutoka siku yoyote. Lakini kutoka ilikuwa ni kutoka kwa kila mtu niliyemjua, ndani ya kambi ambayo bila kibali huwezi hata kutoka getini. Uhuru wa namna hiyo uko kwenye karatasi.

Nina rafiki ambaye familia yao ni Waislamu wa Kasongo, Maniema. Uislamu ulifika kwao karne ya 19 na misafara ya kina Tippu Tip, waliokuja kutafuta meno ya ndovu na watu wa kuwafanya watumwa. Nilimuuliza kama jambo hilo halimsumbui. Akasema: "Linanisumbua. Lakini nikisujudu simuoni Tippu Tip. Namuona mama yangu anasujudu kando yangu." Yeye anavaa hijabu, mdogo wake ameiacha, na wanalala chumba kimoja. Anasema mama yao alilia wiki moja, kisha akawapikia wote wawili. Sijui nyumba ngapi zinaweza hivyo. Ila nilijua kwamba inawezekana, maana niliiona.

Yeye ndiye aliyenifungua macho. Mwanzo wa dini yako unaweza kuwa na damu, au marufuku, au mzungu, au mfalme. Huwezi kuufuta. Lakini kuna kitu kingine kinachotokea baadaye, pale mtu mmoja anapoikubali mwenyewe. Mimi sikuwa nimefika hapo. Nilikuwa Mkristo kwa sababu Papa alijibu haraka.

Mwaka jana tuliitwa tena kuhakiki. Foleni ileile. Karani alikuwa kijana, simjui. Akafika kwenye lile swali. Papa akavuta pumzi ajibu, na yule kijana akasema kwa adabu kabisa: "Samahani mzee, shikamoo, lakini hapa namuuliza binti."

Nikanyamaza labda sekunde kumi. Ni nyingi sana, jaribuni kuzihesabu mbele ya baba yenu.

Nikasema, "Mkristo."

Lilikuwa karibu neno lilelile la Papa. Lakini nilikuwa nimelitafuta miaka mitatu, usiku, na nilijua ningeweza kusema lingine. Kisha nikauliza kama kuna sehemu ya majina mengine. Akasema ipo. Nikalitaja jina la mama ya Koko, kwa sauti, ofisini, kwa mara ya kwanza mbele ya Papa. Kijana akaniomba nimtajie herufi moja moja. Kwenye kadi halionekani, lakini kwenye faili limo.

Papa hakusema kitu mpaka tulipofika karibu na soko. Halafu akaanza kunisimulia habari yake mwenyewe.

Alizaliwa 1972. Ni mwaka ambao Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Kila mtu Zaire alitakiwa kuwa na jina la mababu, na mapadre walitishiwa kifungo wakibatiza kwa jina la Kizungu. Mobutu mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kwa hiyo Papa alipewa jina la kimababu kwa amri ya serikali. Shuleni aliliimba, aliliandika, na hakulipenda, kwa sababu lilikuja na kupiga makofi kwa rais. Mwaka 1990 alibatizwa ziwani, ana miaka 18, akajichagulia jina la Biblia kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa ndani ya maji. Alisema: "Siku ile mi nilikuwa mutu huru. Ni ya kwanza kwa maisha yangu."

Tukatembea kidogo. Akasema: "Nilitaka kukupa kile nilichopata. Nikakupa jina. Nikasahau ya kwamba mi nililichagua."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na mimi sikumdai. Ni mtu wa miaka zaidi ya 50, mzee wa kanisa, amesema maneno hayo barabarani mbele ya wauza dagaa. Inatosha.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina ombi moja dogo. Mnapoandikisha familia, muulizeni kila mtu mzima mwenyewe, na ikiwezekana peke yake. Swali la dini kwenu ni kisanduku kimoja. Kwa baadhi yetu ni mara ya kwanza mtu yeyote kutuuliza. Yule kijana hakujua alichofanya. Huenda alifuata tu utaratibu wa kazi. Nawaombea utaratibu huo uendelee.

Na ninyi wenzangu: sisemi muache mlichorithi, wala sisemi mkishike. Najua humu kuna wanaosali mara tano, kuna Wakatoliki, kuna ambao hawasali tena na hawajamwambia mtu nyumbani. Nasema tu, kabla hujamhukumu mzazi wako, muulize: wewe uliipataje? Nani alikukataza nini? Mimi niliishi na Papa miaka 22 bila kuuliza, nikadhani yeye ni ukuta, kumbe alikuwa na mlango wake na alipita.

Mambo yalivyo sasa: bado naimba, sauti ya pili. Nimesuka, mistari minane, juu yake kitambaa. Wanaona, na mpaka leo hakuna aliyesoma jina langu. Asubuhi, kabla ya chai, namwaga maji kidogo mlangoni. Majina sasa ni manane. Papa akinikuta huwa anasimama pembeni, hatamki kitu, lakini havai kofia mpaka nimalize.

Juzi dada yangu amejifungua mtoto wa kike. Wamebishana siku nzima juu ya jina. Nimewaambia wampe mawili, kisha wamwache akue.

Na kwenu: swali la "Dini?" alijibu nani?